Washington 1922 au Paris 1928: uanze na mkataba upi?

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wakifika kwenye miaka ya kati ya vita viwili vya dunia, huniletea sentensi moja ambayo nimeshaisoma kwenye insha nyingi mno: baada ya mwaka 1919 Marekani ilijifungia ndani na kuiachia dunia mambo yake. Sentensi hiyo ina chembe ya ukweli. Seneti ya Marekani iliukataa Mkataba wa Versailles, uliofunga vita na Ujerumani, mara mbili, tarehe 19 Novemba 1919 na tena tarehe 19 Machi 1920, na nchi hiyo haikuingia kamwe katika Shirikisho la Mataifa, chama kilichoutangulia Umoja wa Mataifa, ingawa rais wake mwenyewe, Woodrow Wilson, ndiye aliyelipigania kuliko mtu yeyote. Lakini nchi iliyojifungia ndani haiwaiti wakubwa wa majeshi ya majini ya dunia nyumbani kwake ili iwaambie wavunje meli zao. Wala haihangaiki mwaka mzima kuandikiana barua na Ufaransa mpaka mataifa zaidi ya 60 yawekwe chini ya ahadi moja.

Msomaji anayetaka kuielewa Marekani ya miaka ile, naye ana jioni chache tu, ana milango miwili mizuri ya kuingilia. Wa kwanza ni mkutano wa Washington, uliofunguliwa Novemba 1921 na kufungwa Februari 1922. Wa pili ni mkataba uliotiwa saini Paris tarehe 27 Agosti 1928, unaojulikana kwa majina ya mawaziri wawili, Kellogg wa Marekani na Briand wa Ufaransa. Kuisoma yote miwili kwa mpigo hakufai. Nimejaribu na darasa, vichwa vikajaa majina na tarehe, na mwisho wa wiki hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini jambo lolote lilitokea. Chagua mmoja, umalize, ndipo umgeukie mwenzake.

Njia ya tatu ipo, nayo ni ya fedha: madeni ya vita, Mpango wa Dawes wa 1924, Mpango wa Young wa 1929, ushuru wa forodha wa Smoot-Hawley wa 1930. Ni njia ya kweli na wachumi wanaipenda, ila inamtaka msomaji awe anajua mambo ya benki kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Naiacha.

Washington: ahadi inayowekwa kwenye mizani

Anza na ukumbi. Tarehe 11 Novemba 1921 Marekani ilimzika Askari Asiyejulikana huko Arlington. Kesho yake, wageni waliohudhuria mazishi walikaa katika Memorial Continental Hall, mjini Washington, makaburi bado yako machoni mwao. Rais Warren Harding akafungua kwa maneno ya ukaribisho. Watu walitarajia siku ya kwanza ipite kwa hotuba za adabu, kama ilivyo desturi ya mikutano, kazi yenyewe ije baadaye kwenye vyumba vya ndani. Hapo akasimama waziri wa mambo ya nje, Charles Evans Hughes, akaanza kutaja meli.

Marekani, alisema, itavunja manowari zake kubwa 30, zenye jumla ya tani 845,740. Akaja kwa Uingereza: manowari 19, tani 583,375. Akaja kwa Japani: manowari 17, tani 448,928. Admirali David Beatty, mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, alikuwa amekaa palepale akisikiliza waziri wa nchi ya watu akimhesabia meli za kwenda kukatwa vyuma chakavu. Mwandishi mmoja wa Kiingereza alisema kwamba kwa dakika 35 Hughes alizamisha meli nyingi kuliko zilizowahi kuzamishwa na maadmirali wote wa dunia kwa karne na karne.

Baada ya majuma ya mabishano likatoka hili: manowari za Marekani na Uingereza zisizidi tani 525,000 kila upande, za Japani 315,000, za Ufaransa na Italia 175,000 kila moja. Huo ndio uwiano maarufu wa tano kwa tano kwa tatu. Manowari moja isizidi tani 35,000, na kwa miaka kumi ujenzi wa manowari kubwa mpya usimame, isipokuwa chache zilizotajwa kwenye mkataba. Pembeni yake ikasainiwa mikataba mingine. Mmoja, wa nchi nne, ulifuta urafiki wa kijeshi uliokuwapo kati ya Uingereza na Japani tangu 1902, jambo ambalo Marekani ililitamani sana. Mwingine, wa nchi tisa, uliahidi kuheshimu mamlaka na mipaka ya China.

Faida ya kwanza ya mlango huu kwa anayeanza ni kwamba ahadi zake zina uzito unaopimika. Huhitaji kubahatisha kama nchi fulani ilikuwa na nia njema; unauliza meli iko wapi. Mfano ninaoupenda ni wa manowari iliyobeba jina la mji wenyewe wa mkutano, USS Washington. Ilikuwa imeshushwa majini tarehe 1 Septemba 1921, na kazi ilipositishwa ilikuwa imekamilika kwa zaidi ya robo tatu. Dada zake watatu wa muundo mmoja walinusurika. Maryland ilikuwa imeshamalizika. Colorado na West Virginia ziliokolewa na Japani bila kukusudia: Wajapani walikataa katakata kuivunja manowari yao mpya Mutsu, meli iliyosemekana kuwa na michango ya watoto wa shule ndani yake, na walipokubaliwa, Marekani nayo ikaruhusiwa kubakiza mbili. Washington ikabaki peke yake upande wa waliohukumiwa. Jeshi la majini liliivuta baharini Novemba 1924, likaijaribia torpedo na mabomu, nayo ikaendelea kuelea. Tarehe 25 mizinga ya manowari nyingine ndiyo iliyoimaliza. Nchi iliyotumia mamilioni ya dola kujenga kitu kile ilikizamisha kwa mikono yake kwa sababu ya karatasi. Ukishaiona picha hiyo vizuri, ile sentensi ya kujifungia ndani haikai tena kinywani kirahisi.

Faida ya pili ni siasa za nyumbani. Wilson alikwenda kwenye mkutano wa amani wa Paris wa 1919 bila kumchukua hata seneta mmoja, na Seneti ikamlipa alivyostahili. Hughes alijifunza. Ndani ya ujumbe wake wa watu wanne alimweka seneta Henry Cabot Lodge, yuleyule aliyeongoza upinzani dhidi ya Versailles, pamoja na Oscar Underwood, kiongozi wa Wademokrat katika Seneti. Wa nne alikuwa Elihu Root, waziri wa zamani wa mambo ya nje. Mkataba wa meli ulipopelekwa kuridhiwa, ulipita kwa kura 74 dhidi ya 1. Mkataba wa nchi nne, ambao ulinusa kidogo harufu ya mapatano ya kusaidiana, ulipita kwa 67 dhidi ya 27, na tofauti hiyo ya kura inakueleza hofu ya Wamarekani kuliko kurasa kumi za maelezo. Walikuwa tayari kupunguza chuma. Kufungwa kamba na mtu mwingine ndiko walikokuogopa.

Faida ya tatu hufanya darasa zima liamke. Japani iliingia mkutanoni ikidai saba kwa kumi dhidi ya Marekani. Hughes alishikilia sita. Wajapani hawakujua kwamba katika nyumba moja New York kulikuwa na kikundi kidogo chini ya Herbert Yardley, kazi yao kufumbua maandishi ya siri ya balozi za kigeni. Telegramu ya Tokyo ya tarehe 28 Novemba 1921, iliyowaambia wajumbe waepuke kugongana na Marekani na kuwaonyesha watarudi nyuma hadi wapi, ilisomwa. Hughes hakuwa na haja tena ya kubabaika, alisubiri tu. Katikati ya Desemba Japani ikakubali sita kwa kumi. Huyu ndiye mpatanishi aliyesifiwa kwa uwazi wake siku ya ufunguzi. Sisemi hivyo kumshusha. Nasema kwa sababu mwanafunzi akiyaona yote mawili kwa mtu mmoja, anaanza kusoma historia ya diplomasia kama mambo ya watu walio hai.

Kasoro za mlango huu ni mbili. Kwanza unakutaka uwe na ramani ya Bahari ya Pasifiki mezani na uvumilie hesabu. Mkataba ulikaba manowari kubwa na meli za kubebea ndege, lakini idadi ya kruza, yaani meli za kivita ndogo kuliko hizo, na ya nyambizi ukaiacha wazi, na mashindano yakahamia huko. Mkutano wa Geneva wa 1927 ukavunjika. Wa London wa 1930 ukafanikiwa nusu. Marekani iliahidi pia kutojenga ngome mpya Ufilipino na Guam, na bila ramani huoni kwa nini hilo liliipa Japani nafuu kubwa kuliko tani zozote.

Pili, mkataba huu unaisha vibaya, na usipofika mwisho utadanganyika. Mwaka 1924 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya uhamiaji iliyowafungia Wajapani mlango kabisa, na imani iliyojengwa Washington ikapata ufa usiozibika. Tarehe 29 Desemba 1934 Japani ilitoa notisi ya kujitoa; mwisho wa 1936 mkataba ukakoma. Na meli nne kubwa zilizokwisha kuanzwa zilikuwa zimegeuzwa, kwa ruhusa ya mkataba wenyewe, kuwa meli za kubebea ndege: Lexington na Saratoga upande wa Marekani, Akagi na Kaga upande wa Japani. Akagi na Kaga zilikuwa miongoni mwa zilizotuma ndege kushambulia Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani, tarehe 7 Desemba 1941. Zilizama Midway Juni 1942, mwezi mmoja baada ya Lexington kuzama Bahari ya Matumbawe.

Paris: ahadi isiyo na mizani

Mlango wa pili ni mfupi kuingia na mrefu kutoka. Maandishi ya mkataba wa Paris unayamaliza kabla chai haijapoa. Kifungu cha kwanza: waliotia saini wanalaani vita kama njia ya kutatua mabishano ya mataifa na wanaviacha kama chombo cha siasa yao. Cha pili: migogoro yote itatatuliwa kwa njia za amani tu. Cha tatu kinahusu taratibu za kuridhia. Hakuna tani, hakuna mahakama, hakuna adhabu.

Ulivyozaliwa ni kisa cha werevu wa pande mbili. Tarehe 6 Aprili 1927, miaka kumi kamili tangu Marekani iingie katika Vita vya Kwanza, Aristide Briand aliwaandikia wananchi wa Marekani akipendekeza nchi yake na yao ziapishane kutopigana kamwe. Ufaransa na Marekani hazikuwa na ugomvi wowote. Alichokitaka Briand kilieleweka: Ujerumani ikiinuka tena, Marekani iwe imeshafungwa isiweze kuudhiana na Ufaransa. Frank Kellogg, waziri wa mambo ya nje, hakufurahi kuwekwa kwenye kona ile, hasa maneno yenyewe yalipopitia kwa wananchi kabla ya kufika kwake rasmi. Lakini makundi ya amani yalikuwa na nguvu, na wakili mmoja wa Chicago, Salmon Levinson, alikuwa ametumia miaka akieneza wazo kwamba vita vipigwe marufuku kisheria kama utumwa ulivyopigwa marufuku. Seneta William Borah wa Idaho, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, alimsikiliza. Ni Borah huyohuyo ambaye azimio lake la Desemba 1920 lilisaidia kuuzaa mkutano wa Washington. Ukimfuata mtu huyu mmoja, milango miwili inakutana.

Jibu la Kellogg la tarehe 28 Desemba 1927 lilikuwa zuri mno. Wazo bora hili, alimwambia Briand, kwa nini tulifanye la wawili? Na liwe la mataifa yote. Briand alikuwa ametaka ahadi maalumu kwa Ufaransa, akapewa ahadi ya jumla kwa kila mtu, na kwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani kukataa kungekuwa aibu. Agosti 1928 wawakilishi wa nchi 15 walikusanyika katika Ukumbi wa Saa wa wizara ya mambo ya nje ya Ufaransa. Gustav Stresemann, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, alikuja akiwa mgonjwa. Kalamu ilikuwa ya dhahabu, zawadi ya mji wa Le Havre kwa Kellogg.

Seneti iliridhia tarehe 15 Januari 1929 kwa kura 85 dhidi ya 1, ya John Blaine wa Wisconsin. Majuma machache baadaye Seneti hiyohiyo ikaidhinisha kruza mpya 15. Wanafunzi wangu hucheka hapo, nami huwazuia. Maseneta wale hawakuona mgongano, kwa maana kila nchi ilibaki na haki ya kujilinda, tena kila nchi ndiyo ingeamua yenyewe kama inajilinda. Uingereza iliongeza sharti lake kuhusu maeneo fulani ya dunia ambayo usalama wake unayategemea, bila kuyataja. Na ilisaini kwa niaba ya sehemu zote za himaya ambazo hazikuwa wanachama wa Shirikisho kivyao. Kenya, iliyokuwa koloni, iliingia katika mkataba wa kuacha vita kwa namna hiyo, hakuna Mkenya aliyeulizwa.

Hadi hapa unaweza kudhani namshauri mtu auruke mlango huu. Hapana. Faida yake kubwa iko Afrika, na kwetu sisi tunaosoma kwa Kiswahili ni faida isiyopatikana Washington.

Ethiopia ilijiunga na mkataba wa Paris. Katikati ya 1935 Italia ilikuwa ikishusha askari Eritrea na Somalia ya Kiitaliano kwa maelfu, na kila aliyekuwa na macho alijua kinachokuja. Tarehe 3 Julai Mfalme Haile Selassie alimwita kaimu balozi wa Marekani mjini Addis Ababa na kumkabidhi barua. Hakuomba bunduki. Hakuomba fedha. Aliiomba serikali ya Marekani itafute njia ya kuifanya Italia iheshimu ahadi iliyoweka saini Paris. Mtu huyu aliichukua karatasi ya Kellogg kwa uzito wake wote na kuipeleka kwa wenyewe walioiandika.

Jibu lilitoka baada ya siku mbili. Lilisema kwa upole kwamba serikali ya Marekani isingependa kuamini kuwa mojawapo ya nchi hizo mbili, zote zikiwa zimetia saini, ingetumia njia isiyo ya amani. Basi. Siku chache baadaye waziri wa mambo ya nje, Cordell Hull, alitangaza kwamba mkataba bado unawafunga waliousaini kama siku ya kwanza, lakini tangazo haliwezi kurudisha askari kwenye meli.

Tarehe 31 Agosti 1935 Marekani ikapata sheria ya kutoegemea upande wowote: vita vikizuka, silaha zisiuzwe kwa upande wowote unaopigana. Tarehe 3 Oktoba Waitalia wakavuka mpaka, na tarehe 5 Rais Franklin Roosevelt akaitangaza sheria hiyo kufanya kazi. Kwenye karatasi ilikuwa haki sawa. Uwanjani Italia ilikuwa na viwanda vyake vya silaha, Ethiopia haikuwa na kiwanda cha maana. Mafuta hayakuhesabiwa kuwa silaha. Roosevelt na Hull waliwasihi wafanyabiashara wasiyapeleke kupita kiasi cha kawaida, lakini kusihi si kukataza, na mafuta ya Marekani yaliyokwenda Italia yakaongezeka. Shirikisho la Mataifa, nalo likiwekea Italia vikwazo mwezi Novemba, liliyaacha mafuta nje, likijitetea kwamba mwuzaji mkubwa hayumo chamani.

Wamarekani weusi waliiona vita ile kama yao. Joe Louis alipomwangusha Primo Carnera, Mwitalia, New York tarehe 25 Juni 1935, ushangiliaji wa Harlem ulihusu zaidi ya ngumi. Rubani John Robinson wa Chicago alikwenda mwenyewe Ethiopia kumrushia ndege Mfalme. Tarehe 5 Mei 1936 jeshi la Italia liliingia Addis Ababa.

Kasoro ya mlango huu, basi, ni kwamba ukiingia bila subira utatoka na dharau tu, na dharau haimsaidii mwanafunzi. Nimesahihisha insha nyingi zinazouita mkataba wa Paris karatasi tupu, na mwandishi akaishia hapo. Lakini Marekani haikuutambua utawala wa Italia juu ya Ethiopia, na msimamo huo ulijengwa juu ya mkataba huu. Mwaka 1941 Keya (King's African Rifles), kikosi cha Waingereza cha askari wa Afrika Mashariki ambacho lugha yake ya kambini ilikuwa Kiswahili, kilivuka kutoka Kenya kwenda kupigana na Waitalia. Mfalme alirudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu mji ulipoanguka. Wapo wazee wetu waliokwenda kwa miguu kuidai ahadi iliyosainiwa kwa kalamu ya dhahabu, bila kuisikia. Na viongozi wa Wanazi waliposhtakiwa Nuremberg kwa kosa la kuanzisha vita, mahakama iliuliza sheria gani iliyovunjwa, na jibu kubwa lilikuwa mkataba wa 1928. Marufuku ya kutumia nguvu iliyomo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa inatoka ukoo huohuo.

Ukiweka kimoja kando ya kingine

Washington ulifanya kazi mara moja kisha ukafa. Paris haukufanya kazi ulipohitajika, na bado unaishi ndani ya sheria. Washington uliwahusu wachache wenye meli, na China ilizungumziwa zaidi kuliko ilivyozungumza. Paris ulimkaribisha kila mtu kwa sababu haukumgharimu mtu yeyote kitu. Katika Washington unaiona Marekani ikitoa kitu chake kwanza ili wengine watoe chao, na katika Paris unaiona ikitoa neno. Mikataba yote miwili iliandikwa na serikali za chama kilekile, Republican, chini ya Seneti yenye hofu ileile ya kufungwa kamba, kwa hiyo usije ukadhani sera ilibadilika katikati. Tofauti inatokana na swali lililokuwa mezani.

Anayejiandaa kwa mtihani na kutaka hoja ya kupinga dhana ya kujitenga achukue Washington. Ushahidi wake unahesabika, na msahihishaji hawezi kubishana na tani. Anayependa vita vya Pasifiki pia aanzie hapo, kwa sababu bila uwiano wa 5:5:3 hasira za maofisa wa jeshi la majini la Japani katika miaka ya 1930 hazieleweki.

Anayesoma sheria asipoteze muda, aende Paris moja kwa moja. Vivyo hivyo mwalimu ambaye darasa lake limechoka kusikia historia ya dunia kama habari za watu wa mbali: ile barua ya Addis Ababa isomwe kwa sauti, kisha waulizwe wao wangejibu nini. Kwangu kipindi hicho hakijawahi kutosha dakika 40.

Kama huna sababu maalumu na unaniuliza mimi, nakwambia anza na Washington. Nimefikiri sana juu ya hili, kwa kuwa moyo wangu uko na barua ya Mfalme. Lakini nimeona wanafunzi walioanza na Paris wakimaliza wakiamini kwamba Marekani haikuweza kutimiza ahadi. Walioanza na Washington wanajua kwamba iliweza: ilivunja meli zake, ikazamisha nyingine mpya, ikawashirikisha maseneta wake wagumu. Hao wakifika Julai 1935 wanauliza swali kali zaidi: kama waliweza kwa ajili ya usawa wa meli na Japani, kwa nini hawakuweza kwa ajili ya Ethiopia?

Ukisha kuchagua na kumaliza mlango wako, ipo hati moja ya kuvukia kwenda wa pili. Japani ilipoikamata Manchuria, kuanzia usiku wa tarehe 18 Septemba 1931, waziri wa mambo ya nje Henry Stimson aliandika barua ya tarehe 7 Januari 1932 kwa Japani na China. Alisema Marekani haitatambua hali yoyote inayovunja haki zake au mamlaka na mipaka ya China, wala hali yoyote iliyoletwa kwa njia zinazokiuka mkataba wa Paris. Washington na Paris zimo katika ukurasa mmoja, moja karibu na mwenzake. Barua hiyo imo katika kumbukumbu za kidiplomasia ambazo wizara ya mambo ya nje ya Marekani imezichapisha na kuziweka wazi mtandaoni bila malipo, na ile ya Addis Ababa imo humohumo, katika juzuu za mwaka 1935.